Vitabu vya Octavia Butler kwa jicho la mkunga

Ukivipanga vitabu vya Octavia Butler, mwandishi Mmarekani wa hadithi za kisayansi, utadhani vimeandikwa na watu watano tofauti. Kindred ni habari za utumwa katika jimbo la Maryland. Wild Seed kinaanzia Afrika Magharibi mwaka 1690 na ndani yake mna watu wasiokufa. Dawn kiko angani, ndani ya chombo cha viumbe wenye minyiri mwili mzima. Parable of the Sower ni shajara ya msichana katika Marekani inayoporomoka. Fledgling kina wanyonya damu. Na Bloodchild, hadithi fupi unayoweza kuimaliza kwa mkao mmoja, inahusu mvulana anayetakiwa kubeba mimba ya kiumbe mwenye umbo la mdudu.

Mimi ni mkunga, na vingi kati ya vitabu hivi nimevisoma zamu za usiku, leba ikiwa imetulia na mama aliyelazwa bado yuko mbali na kujifungua. Nadhani ndiyo maana nimeona uzi mmoja unaovishona vyote. Karibu kila hadithi ya Butler ina mtu anayetakiwa kubeba, kwa mwili wake mwenyewe, kitu anachokihitaji mwingine aliye na nguvu kumshinda. Na kila mara swali ni lile lile: huyu asiye na nguvu ana nini cha kudai kabla hajakubali? Hadai uhuru wote, maana hakuna wa kumpa. Anadai kitu kimoja tu, na namna anavyokidai ndiyo hadithi yenyewe.

Nianze na Bloodchild, iliyotoka mwaka 1984 na kutwaa Hugo na Nebula, tuzo kubwa za hadithi za kisayansi. Nimesoma vitabu vingi vya taaluma yangu, lakini sijakutana na maelezo ya uzazi yaliyonishika kama haya. Binadamu waliokimbia kwao wanaishi kwenye sayari ya viumbe waitwao Tlic, wenye miili mirefu ya pingili na miguu mingi. Tlic hutaga mayai yao ndani ya mwili wa kiumbe mwingine, na imegundulika kwamba binadamu hubeba vizuri kuliko wanyama wa huko. Kijana Gan ametengwa tangu kuzaliwa kwa ajili ya T'Gatoi, Tlic mwenye cheo kikubwa, rafiki wa mama yake wa miaka mingi, ambaye amemkuza Gan akimkumbatia kwa miguu yake hiyo mingi. Gan anampenda. Hilo ni muhimu, na Butler halifichi.

Ndipo analetwa mwanamume aitwaye Lomas. Mayai aliyobeba yameshaanguliwa, Tlic wake hayupo, na mabuu yasipotolewa yatamla akiwa hai. T'Gatoi anamchoma kwa mkia kumtuliza kadiri anavyothubutu, kisha anampasua. Analamba damu ili isizidi kutoka. Anatafuta buu la kwanza, analipata, analiinua na kulitazama, na kilio cha yule mtu aliyepasuliwa mbele yake ni kama hakimfikii.

Hapo ilinibidi nikiweke kitabu chini kwanza. Jambo hilo ninaliona leba. Mtoto akishatoka macho yote yanamfuata yeye: ni wa kike au wa kiume, ana kilo ngapi, amelia vizuri? Mama yuko pale pale kitandani, kondo la nyuma halijatoka, miguu inamtetemeka, na hakuna anayemtazama. Butler hakuwa na watoto. Alilijua hilo kwa kufikiri tu, akaliandika kwa mstari mmoja bila kumlaumu mtu. T'Gatoi si katili. Anafanya kazi yake vizuri sana, na anafurahi kuona uhai mpya. Ukatili uko katika kile ambacho furaha yake inakipita bila kukiona.

Baada ya kuyaona hayo Gan anachukua bunduki ambayo binadamu hawaruhusiwi kuwa nayo. Akikataa, atakayebeba ni dada yake. Mwishowe anakubali kubeba yeye, lakini bunduki ibaki nyumbani. T'Gatoi anataka kuiondoa, Gan anang'ang'ania: kama kweli sisi si mifugo yenu, nawe kubali kuishi na hatari kidogo. T'Gatoi anaiachia. Kwa bunduki hiyo moja, ambayo pengine haitafyatuliwa tena, mkataba mzima unabadilika.

Wasomaji wengi waliichukua kama hadithi ya utumwa, na Butler mwenyewe akakanusha waziwazi. Alisema ni hadithi ya mapenzi, na ni hadithi yake ya mwanamume mwenye mimba. Alieleza pia kwamba ilitokana na hofu yake ya inzi wa misitu ya Peru ambaye hutaga kwenye ngozi ya mtu, funza akakulia humo. Alitaka kuiandika hofu hiyo imtoke. Mimi namkubalia nusu. Mapenzi yapo, nimeyaona kwenye kila ukurasa. Lakini familia iliyolazimika kumtoa mtoto tangu yuko tumboni haikuulizwa kwa haki, na upendo uliokuja baadaye hauondoi hilo. Nafikiri hadithi ni kubwa kuliko maelezo ya mwenyewe.

Kama ni kitabu kizima, basi chaguo langu ni Wild Seed cha mwaka 1980, na sioni kingine cha kukikaribia. Anyanwu ni mwanamke wa Kiigbo aliyekwisha ishi miaka ipatayo mia tatu. Anaujua mwili wake mpaka ndani kabisa, na anaweza kuubadilisha: akawa bibi kizee, akawa kijana, akawa chui. Kwa watu wake ni mganga, na dawa anaitengeneza ndani ya mwili wake kabla ya kumpa mgonjwa. Anajiwa na Doro, roho iliyoishi maelfu ya miaka kwa kuhama kutoka mwili hadi mwili, na kila mwili anaouingia, mwenye mwili huo anakufa. Doro anatafuta watu wenye vipaji vya ajabu duniani kote na kuwazalisha wao kwa wao, kama mfugaji anavyochagua dume na jike.

Doro hakumvuta Anyanwu kwa vitisho peke yake. Vitisho vilikuwepo, maana wanawe walikuwa wengi na Doro angeweza kuwafikia. Lakini alimwahidi jambo ambalo hakuna mwingine angeweza kumwahidi: watoto ambao hatawazika. Huyu ni mama aliyezika waume na watoto kwa vizazi vingi, yeye akibaki kijana. Mtu aliyewahi kumpa mama kichanga kilichofungwa kwenye kanga, hakipumui, hahitaji kuelezwa kwa nini mwanamke mwenye akili zile alikubali kupanda meli.

Kuna jambo dogo kwenye safari ile ambalo nimelirudia mara nyingi. Anyanwu anataka kujigeuza pomboo. Hatamki maneno, hana fimbo wala hirizi. Anaonja nyama ya pomboo, na mwili wake unajifunza humo jinsi mnyama huyo alivyoumbwa. Kisha anaingia majini akiwa pomboo kweli, na anakuta huko utulivu ambao binadamu hawajampa. Butler anaandika uchawi kana kwamba ni kazi ya mikono: unajifunza kwa kugusa, kwa kuonja, kwa kusikiliza, na ujuzi unabaki mwilini. Sisi nasi hatukufundishwa kujua mtoto amelala vipi tumboni kwa kusoma tu.

Sehemu ya katikati, huko Wheatley katika koloni la New York, inakokota kidogo, na baadhi ya watoto wa Doro wanapita kabla hujawazoea. Mwisho ndio uliopasua moyo wangu. Ni mwaka 1840, Anyanwu amejijengea jamii yake Louisiana, Doro amemfuata tena, na yeye amechoka. Hapigani. Anaamua kufa tu, kwa kuuzima mwili anaouamuru. Na yule aliyeua maelfu bila kujali anajikuta analia na kubembeleza, kwa sababu atabaki peke yake milele. Anyanwu anakubali kuishi, naye Doro analegeza baadhi ya desturi zake za kuua. Je, anamsamehe mapema mno? Naona ndiyo. Ningependa adai zaidi. Lakini nimewaona wanawake wakirudi nyumbani kwa waume wa aina hiyo na hata nusu ya mkataba wa Anyanwu hawakuupata, kwa hiyo siwezi kusema Butler amedanganya.

Kindred, cha mwaka 1979, ndicho wengi wanachoanza nacho, na wako sahihi. Hakina mashine wala sayari. Dana, mwanamke mweusi wa California, anafikisha miaka 26 mwezi Juni 1976, na siku hiyo hiyo anavutwa kutoka sebuleni kwake hadi ukingo wa mto huko Maryland, karne ya 19, kumwokoa mtoto wa kizungu anayezama. Mtoto huyo ni Rufus, mwana wa mwenye watumwa, na atakuwa babu wa ukoo wa Dana. Kila Rufus anapokaribia kufa, Dana anaitwa. Kwa nini na kwa nguvu gani? Butler haelezi, na hukosi chochote.

Fundo la kitabu liko kwa Alice, mwanamke mweusi aliyezaliwa huru na kufanywa mtumwa, ambaye Rufus anamtaka. Mtoto wao Hagar asipozaliwa, ukoo wa Dana haupo. Kwa hiyo Dana anahitaji jambo ambalo anajua ni ubakaji lifanyike. Na linamjia moja kwa moja: Rufus anamwambia akaongee na Alice aje kwa hiari, la sivyo atapigwa kwanza. Dana anakwenda kuongea naye. Sijui kitabu kingine kinachomweka msomaji mahali pabaya kiasi hicho kwa utulivu kiasi hicho. Hata wahusika wa pembeni wamebeba mzigo wao. Sarah, mpishi, wanawe watatu waliuzwa ili mke wa bwana anunue fanicha na vyombo vipya. Akaachiwa binti mmoja, bubu, na kwa huyo mmoja wanamshika Sarah asithubutu kuinua sauti.

Butler alizaliwa Pasadena, California, mwaka 1947. Mama yake alisafisha nyumba za watu, na mtoto aliona mama akiingia kazini kwa mlango wa nyuma na kusemwa maneno ya kudhalilisha huku akinyamaza. Miaka ya baadaye alimsikia kijana mwenzake chuoni akiwalaumu wazee weusi kwa unyonge wao, na Kindred kikawa jibu: ungewekwa wewe pale, na akili zako za leo, ungeishi siku ngapi? Yeye mwenyewe aliosha vyombo, aliuza bidhaa kwa simu, alikagua viazi vya kukaanga kiwandani, na aliamka saa nane usiku aandike kabla ya kwenda kibaruani. Mwaka 1995 alipewa MacArthur, tuzo ya fedha ya Marekani kwa watu wenye kipaji kikubwa, wa kwanza miongoni mwa waandishi wa hadithi za kisayansi. Alifariki mwaka 2006 akiwa na miaka 58 tu, na hilo linaniuma kila nikiona rafu yake ilivyo fupi.

Dawn, cha mwaka 1987, kilinikasirisha, na nakupendekezea ukisome. Lilith anaamka kwenye chombo cha Oankali, viumbe waliookoa mabaki ya binadamu baada ya vita vya nyuklia. Wamemtibu saratani bila yeye kujua. Ni wapole, hawapigi, hawapendi kuua. Kwa kila jambo wanasema wanajua mwili wako unataka nini kuliko mdomo wako unavyosema. Mwishoni Nikanj, mmoja wa jinsia yao ya tatu, anamwambia Lilith kwamba ameshamtia mimba, kutokana na mbegu ya mwenzi wake aliyeuawa. Hajamuuliza. Kwa maoni yake Lilith yuko tayari.

Katika kazi yangu hatumgusi mama kwa kisu bila maelezo na saini, na hata pale mtu anapookolewa maisha, akijua alifanyiwa bila kuulizwa kitu kinavunjika ambacho kovu halionyeshi. Butler ameiandika hali hiyo bila kumsaidia msomaji kutoka. Oankali wana hoja. Bila wao Lilith angekuwa amekufa. Na bado nataka kukitupa kitabu dirishani kwa niaba yake. Viwili vinavyofuata, Adulthood Rites na Imago, vinasimuliwa upande wa watoto wa mchanganyiko huo; cha kwanza ni kizuri, cha pili nilikimaliza kwa kujilazimisha.

Parable of the Sower kilitoka mwaka 1993, na shajara ya Lauren inaanza Julai 2024. Maji ni ghali kuliko petroli, mitaa imezungushiwa kuta, polisi wanalipisha ukiwaita. Mwaka 2020 kiliingia kwenye orodha ya vitabu vinavyouzwa zaidi ya New York Times, miaka mingi baada ya mwandishi kufariki. Watu husema alitabiri. Mimi naona alisoma magazeti na kufuata mambo yanakoelekea. Kilichonishika ni ugonjwa wa Lauren: akimwona mtu anaumia, naye anasikia maumivu yale yale mwilini. Amezaliwa nao kwa sababu ya dawa alizotumia mama yake. Fikiria kumfanya mtu huyo kiongozi wa safari yenye wauaji njiani! Akimpiga adui, anaanguka naye. Ingekuwa ni mkunga, asingemaliza zamu moja, nami nimejiuliza sana kama sisi tuliobaki kazini ni kwa sababu tumejifunza kutosikia.

Zile beti za dini yake mpya zinazofungua kila sura hazikunifikisha popote. Nyingi ni kavu. Na siwezi kunyamazia jambo hili: Lauren wa miaka 18 anakuwa mpenzi wa Bankole wa miaka 57, na kitabu kinalichukulia kuwa jambo la kawaida. Kwa mwandishi aliye makini namna hii kuhusu nguvu na ridhaa, hapo alihitaji kusimama kidogo.

Parable of the Talents, cha 1998, kina mwanasiasa anayeahidi kuifanya Marekani kuwa kuu tena, na wengi wanakitaja kwa hilo tu. Jambo kubwa ni binti wa Lauren. Ananyang'anywa akiwa mchanga na watu wa dini, analelewa na wengine, na anakuja kumfahamu mama yake akiwa mtu mzima. Sauti yake ndiyo inayofungua kitabu, na hana msamaha. Butler anampa mama ushindi wote aliouota, kisha anamnyima huyu mmoja.

Fledgling, cha 2005, sikipendekezi. Shori ana miaka 53 lakini ana umbo la mtoto wa miaka kumi, na mapema kabisa analala na mwanamume mzima. Najua hoja iliyokusudiwa. Mimi hupokea watoto wa kike walioletwa leba wakiwa bado watoto, na kurasa hizo sikuweza kuzisoma kama wazo tu. Survivor cha 1978 huna haja ya kukihangaikia. Mwenyewe alikikataa na hakuruhusu kichapwe tena.

Anayeanza apate mkusanyiko wa Bloodchild, toleo la 2005 lenye hadithi mbili za nyongeza. Kila hadithi ina maelezo mafupi ya mwandishi nyuma yake, na humo mna Speech Sounds, kuhusu Los Angeles ambako ugonjwa umewanyang'anya watu usemi na kusoma, na mwanamke aliyebakiwa na sauti anaificha asiuawe kwa wivu. Kisha Kindred, kisha Wild Seed. Za Parable zisomwe kwa mfuatano. Dawn mpe mtu anayeweza kukaa na hasira bila kumaliza kitabu kwa kuruka kurasa. Na kama una ndugu mwenye ujauzito wa miezi minane au tisa, mfichie Bloodchild. Akishajifungua, akapata usingizi wake, mpe asome, na umuulize kama kuna aliyemtazama yeye.